Taa Ipo Mkononi, Simu ya Kuiwashia Sina

Basi la usiku kutoka Dodoma silizungumzii. Nililipia siti ya dirishani, nikapewa ya katikati kule nyuma, magoti kidevuni, na alfajiri nikashuka stendi ya Nyegezi natembea kama mtu aliyeazima miguu. Chai na chapati mbili, bodaboda, mjini. Singida na Shinyanga nimezipita nimelala, sina la kusimulia.

Kilichonipeleka Mwanza kilikuwa mfukoni, kimefungwa kwenye pakiti ya plastiki: kichupa cha kioo kisichofika sentimita moja na nusu, unene wake njiti ya kiberiti. Ndani mna chipu, waya wa shaba uliosokotwa, na taa ya LED ndogo kuliko punje ya mtama. Binamu yangu aliyeko Marekani ndiye aliyenitumia baada ya mimi kumsumbua mwaka mzima. Betri haina. Unasogeza simu, simu inatoa mawimbi, ule waya unayadaka na kuyageuza umeme, taa inawaka. Ukiondoa simu, giza. Binamu aliniambia, "Simu tu inatosha." Sentensi hiyo ikumbuke.

Dodoma sikumpata wa kuniwekea chini ya ngozi ya mkono. Zahanati mbili walidhani natania. Mwanza kuna kijana mchora tatuu na mtoboa masikio ambaye tuliongea kwa simu, akasema kazi hiyo anaiweza, 80,000. Chumba chake kiko ghorofani, mitaa ya Makoroboi, chini wanauza vitenge. Nilipokaa kitini bei ikawa 100,000, eti sindano ya ganzi ina bei yake. Nikamwambia kwa hasira afanye bila ganzi. Wewe usiniige.

Kwa usafi simlaumu. Alinawa mikono mara mbili, akavaa glavu, akaniuliza kama nina kisukari, akanionyesha sindano ikiwa bado imefungwa kabla ya kuichana pakiti. Nilipoiona nikajuta kuidai ionyeshwe. Tundu lake linapitisha njiti ya kiberiti, sasa piga hesabu. Wakati anapaka dawa mkono wangu wa kushoto, kati ya kidole gumba na cha shahada, akawa ananipigia stori ili nisahau. Kwamba kuna profesa wa Uingereza, Kevin Warwick, aliyewekewa chipu mkononi mwaka 1998, milango ya chuoni kwake ikawa inamfungukia. Kwamba mwaka 2015 kule Ujerumani watu waliwekewa kidude cha ukubwa wa sarafu chenye taa tano nyekundu, kinawashwa kwa sumaku. "Kile kina betri, kaka. Betri ikiisha ndiyo basi. Chako kitakuzidi umri."

Akaibana ngozi, akaivuta juu kama hema, akasema, "Vuta pumzi."

Nimewahi kukatwa na panga shambani. Hii ilikuwa tofauti. Panga linakuja na kuondoka, lakini hiki kilikuwa kinasogea ndani taratibu, kinajitafutia nafasi mahali ambapo tangu nizaliwe hapakuwa na nafasi. Nilisikia jasho likishuka mgongoni. Chini mwanamke alikuwa anabishana bei ya kitenge, "punguza basi, punguza," nami moyoni nikawa naitikia. Kisha sindano ikatoka, likaja tone moja la damu, akabandika plasta.

Akachukua simu yake, akaisogeza.

Nisiwafiche, nilisahau ile 20,000. Pembeni ya plasta, chini ya ngozi, nyama iliwaka wekundu. Haikuwa kama balbu. Ilikuwa kama kaa la moto lililofunikwa majivu, lile unalolikuta jikoni asubuhi ukapuliza likakutazama. Mshipa mmoja mdogo ulionekana umepita juu yake, mweusi. Akaondoa simu, likazimika. Akasogeza, likawaka. Tulicheza mchezo huo kama watoto mpaka akaingia mteja wa kutoboa pua.

Lodji nililala kwa 35,000, maji ya ndoo, feni inazunguka kwa kupenda kwake. Sato nilichokula jioni kilikuwa na bei ya Dodoma kabisa, na ziwa liko pale mtu anarusha jiwe linaingia! Niliuliza, nikajibiwa samaki wamekuwa adimu. Nikalipa.

Asubuhi nikaenda Bandari ya Kaskazini kupanda meli ya Nansio, Ukerewe, kwa bibi mzaa mama. Mama alikuwa ameshapiga simu mara mbili kunikumbusha boya liko wapi. Tangu MV Bukoba izame mwaka 1996 hakuna mtoto wake anayepanda meli bila kupigiwa simu ya boya. Nikalitafuta, nikaliona, nikamwambia nimeliona.

Meli ilipoyaacha mawe ya Bismarck, nikaona wakati umefika. Pembeni yangu alikaa mzee mwenye kuku wawili kwenye tenga. Nikamwambia, "Mzee wangu, ngoja nikuonyeshe kitu." Nikatoa simu yangu, nikaiweka juu ya mkono. Kimya. Nikaigeuza. Nikaipeleka juu, chini, ubavuni. Nikaizima na kuiwasha. Mzee akasubiri kwa adabu, kisha akarudi kwa kuku wake. Nikahisi kile kichupa kimevunjika ndani ya nyama yangu, nikaanza kuwaza vipande vya kioo vinasafiri kwenda moyoni. Nikampigia fundi.

"Simu yako ina NFC?"

"Ina laini mbili."

Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe si kila simu. Inatakiwa yenye NFC, ile ya kulipia kwa kugusisha, na nyingi ya hizi tunazonunua kwa bei zetu hazina. Nimesafiri usiku kucha, nimetobolewa bila ganzi, nimebeba taa ambayo swichi yake iko kwenye mfuko wa mtu mwingine. Zaidi ya saa tatu mpaka Nansio nilikuwa naangalia simu za abiria kama mwizi.

Bibi alinipokea vizuri kabla hajaiona plasta. "Mume wangu, nani amekuchanja?"

"Si chale, bibi."

"Chini ya ngozi wameweka kitu?"

"Wameweka."

"Basi ni chale. Za kukinga au za kupendwa?"

"Za taa."

Akanitazama muda mrefu. "Taa inamulika nini?"

Sikuwa na jibu wala simu. Mjomba, ambaye ana ng'ombe kumi na nne na bado ana kinyongo na zile hereni za kielektroniki za mifugo, akasema, "Sisi walituletea za masikioni tukalalamika. Huyu kafuata ya mkononi kwa nauli yake." Siku mbili zilizofuata nilijulikana kwa jina la Hereni. Nilizunguka kwa wakala wa pesa, kwa mwalimu, kwa kijana mwenye duka la vifaa vya simu. Wote hawana. Yule wa duka aliniambia kwa upole kwamba kitu hicho labda hakijafika kisiwani.

Siku ya tatu akaja mama wa mabondo. Kama huishi kanda hii, bondo ni kile kibofu cha hewa cha sangara, kinakaushwa na kupelekwa China, na kilo yake inaishinda mbali kilo ya samaki mwenyewe. Alipita nyumba kwa nyumba na mzani mdogo, amefunga khanga kiunoni, miguuni kandambili zilizoisha visigino. Akatoa simu kupiga hesabu. Simu ile, ndugu zangu, ilikuwa na kamera tatu na kioo kisicho na mkwaruzo.

"Dada, samahani. Naomba simu yako niiweke juu ya mkono wangu."

"Kwa nini?"

Nikaeleza. Akanitazama, akamtazama bibi. Bibi akatikisa kichwa kama mtu asiyehusika. "Hutaishika wewe," akasema. "Nitaishika mimi."

Akaileta taratibu, kama anayepima joto la uji. Hakuna kitu. Nikamwambia karibu na kamera. Akaisogeza, na kaa likawaka. Alipiga yowe, akarudi nyuma, mzani ukaanguka. Kisha akarudi mwenyewe, akainama, akaisogeza tena. Watoto wakajaa uani. Bibi akasogea polepole, akaweka kidole chake juu ya ngozi yangu, akakitoa.

"Haina joto," akasema. Halafu akaingia ndani, akarudi na sindano ya kushonea. "Nimulikie nitunge uzi."

Tulijaribu. Haikutosha hata kuonyesha tundu la sindano. Bibi akautunga kwa kukisia, akasema karabai ya babu yako ilikuwa inaita dagaa kutoka chini ya maji.

Usiku ule hakukuwa na mwezi, giza la wavuvi. Nilikaa na bibi nje, na ziwani kulikuwa na mji mzima ambao mchana haupo, taa mamia, zinapanda na kushuka na mawimbi. Utotoni nilipokuja likizo zilikuwa karabai. Babu alikuwa anaipiga pampu huku anaikemea kama mtoto mkaidi, na nyumba nzima ilinuka mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni za betri na sola, LED zile zile kama yangu, weupe wake mkali. Kule Dodoma ninakokaa, taa usiku maana yake barabara au baa. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna watu wanaowasha taa ili dagaa waje wenyewe kuliwa. Mkono ulikuwa unanipwita kidogo. Bibi alikuwa ameshasinzia kitini.

Meli ya kurudi ilijaa. Mama wa mabondo alikuwemo, na magunia yake mawili hayaachi. Aliponiona tu akapaza sauti, "Wewe, leta mkono!" Nikaleta. Akawasha, akazima, akawasha. Watu wakatuzunguka, wengine wamesimama juu ya mabenchi. Mmoja akauliza, mwingine akarudia, nami nikajiandaa kuanza na habari ya waya wa shaba na mawimbi.

Hawakuwa wananiuliza mimi. Walitaka kujua simu ile inauzwa shilingi ngapi.