Siku moja maishani mwangu: Agosti, kabla mpira haujaanza

Saa kumi na moja alfajiri. Chai ya tangawizi, chapati iliyolala, na karatasi nne za orodha ya kikosi nilizochapisha jana usiku. Naishi Coralville, jimbo la Iowa, Marekani, mji uliopakana na Iowa City, na kazi yangu ni kuandika habari za michezo. Silipwi kwa saa wala kwa mwezi, nalipwa kwa makala. Nikiwaambia watu wa nyumbani wanasema, "Kaka, wewe umepata! Unalipwa kutazama mpira." Naelewa wanavyoona. Lakini Agosti haina mechi kwa wiki karibu nne, na ndio mwezi unaonichosha kuliko yote, kwa sababu ndipo tunapoandika makala za kuwatambulisha wachezaji kabla ya msimu. Siku hii ni Jumamosi ya Agosti 2025, na timu ni Iowa Hawkeyes, timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa.

Mhariri anataka wachezaji wanane, maneno 1,200, saa kumi jioni.

Saa tatu kasorobo nimeshaketi Kinnick Stadium. Uwanja huu ukijaa huingiza watu karibu 69,000. Leo ni mazoezi ya wazi, watoto wamekuja na wazazi wao kuomba saini kwenye mipira na kofia. Jua limeshakuwa kali. Nina darubini, daftari, kalamu mbili na chupa ya maji.

Macho yote yako kwa Mark Gronowski, na ni haki yake. Ndiye kwotabeki mpya, yule anayeshika mpira kila shambulio linapoanza na kuamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Ametoka South Dakota State, timu ya daraja la chini ya hapa, akiwa na vikombe viwili vya ubingwa wa taifa wa daraja hilo na tuzo ya Walter Payton ya mwaka 2023, anayopewa mchezaji bora wa mashambulizi wa ngazi ile. Bega lake lilifanyiwa upasuaji, kwa hiyo mazoezi ya majira ya kuchipua yalimpita. Kila mpira anaourusha leo, watu wanalitazama bega kwanza na mpira baadaye. Mzigo wake ni mkubwa: Kaleb Johnson, aliyekimbia yadi 1,537 mwaka 2024, ameshaondoka kwenda Pittsburgh kucheza kwa mshahara. Yadi zile lazima zitoke kwa mtu.

Mimi nilikuwa namtazama zaidi namba 65, Logan Jones. Huyu ni senta. Huinama mbele ya mpira, huupitisha katikati ya miguu yake kwenda kwa kwotabeki, na kabla hajanyanyuka vizuri anakuwa ameshagongana na mtu mzito kama yeye au zaidi. Alikuja chuoni kama mlinzi, mwaka 2022 akahamishiwa kwenye usenta kujaza nafasi ya Tyler Linderbaum, ambaye naye alianza kama mlinzi na akaishia kushinda tuzo ya senta bora nchini mwaka 2021. Kocha Kirk Ferentz, aliyepo hapa tangu 1999, ameijenga timu yake juu ya watu wa aina hii. Kufikia siku hii ya Agosti 2025 ana ushindi 204 akiwa Iowa. Akishinda mara mbili tu zaidi atampita Woody Hayes wa Ohio State na kuongoza makocha wote wa Big Ten, ligi ya vyuo ambayo Iowa inachezea. Ukitaka kujua ushindi huo umetoka wapi, watazame hawa watano wa mbele, senta na wenzake wanaomkinga kwotabeki, ambao mashabiki wengi hawawajui hata kwa sura.

Ndiyo maana jirani yangu, mzee wa Uvira, Kongo, ananifurahisha. Alihamia huku na wanawe, anaujua mpira wa miguu tu, lakini swali lake la kwanza mbele ya televisheni lilikuwa, "Na huyu anayeinama, jina lake nani? Bila yeye mpira hauanzi." Mzee aliona kwa dakika tano kitu ambacho wengine hawajakiona miaka kumi.

Saa tano na nusu tumemaliza. Saa sita niko mezani, na saa saba nimeshawaandika saba, akiwemo Kaden Wetjen, kijana wa Williamsburg, nusu saa tu kutoka hapa, aliyeingia timuni bila ufadhili wa masomo na mwaka 2024 akatwaa Jet Award, tuzo ya mrudishaji bora, yaani yule anayeudaka mpira uliopigwa teke na wapinzani na kukimbia nao kuwarudia.

Wa nane ndiye aliyenila mchana wote.

Timu za chuo ni kubwa. Hata baada ya sheria mpya ya mwaka 2025, kikosi kinaweza kuwa na watu 105, na namba za jezi zinaishia 99. Kwa hiyo wachezaji wawili huvaa namba moja, mara nyingi mmoja wa kushambulia na mmoja wa kulinda. Kwenye mechi sheria inawakataza kuwa uwanjani pamoja kwa wakati mmoja. Kwenye mazoezi ya mateke wote huchanganywa. Nami nilikuwa nimeandika kwenye daftari, kwa herufi kubwa, kwamba mwenye namba fulani alikimbia yadi arobaini na kumwangusha mrudishaji peke yake, tena mara mbili. Nyumbani natazama orodha: namba hiyo ina vijana wawili. Urefu unakaribiana, uzito unakaribiana, na hakuna anayewajua.

Ningeweza kukisia. Mwaka juzi nilikisia, kwa timu nyingine. Jumatatu yake simu ikalia, mwanamume mtu mzima, sauti ya chini. Hakunitukana. Aliniambia, "Yule uliyemwandika si mwanangu. Aliyefanya yale ni mwanangu." Alikuwa amenunua nakala tano za gazeti kabla ya kulifungua. Nikamwomba radhi, tukachapisha sahihisho, mstari mmoja ukurasa wa ndani. Kijana yule hakuandikwa tena mpaka akamaliza chuo. Nakala zile tano sijui alizipeleka wapi.

Basi nikapiga simu. Ofisi ya habari haikupokea, Jumamosi. Nikamwandikia dada mmoja mpiga picha aliyekuwa chini uwanjani. Akajibu yuko harusini, nisubiri. Saa tisa. Saa tisa na nusu. Mhariri anauliza, nikamwambia nina saba na wa nane nitamleta, akasema nimwache tu huyo wa nane, nani atajua? Nikamwomba muda wa saa mbili zaidi. Akanipa saa moja, kwa shingo upande.

Picha ziliingia saa kumi na dakika kumi, zaidi ya mia mbili. Nikazikuza moja moja mpaka macho yakaanza kuwasha. Kwenye picha ya mwangusho wa pili uso hauonekani, mgongo na namba tu. Lakini mkono wa kushoto una mkanda mweupe uliozungushwa kiganjani na vidole viwili vimefungwa pamoja. Nikarudi nyuma kwenye picha za asubuhi, zoezi la walinzi peke yao. Mkanda ule ule, vidole vile vile, na safari hii kofia imevuliwa. Ni yeye. Nikalisoma jina lake kwa sauti, herufi moja moja, kwa sababu lina N mbili na kila mtu huandika moja.

Maneno 31 tu ndiyo aliyopata. Nikatuma saa kumi na moja kasoro dakika tano.

Baada ya hapo sikuitazama saa tena. Mhariri alimtoa Jones namba moja akampandisha Gronowski, tukabishana kidogo, nikakubali. Watoto walikula bila mimi. Mzee wa Uvira alibisha hodi kurudisha toroli la bustani, akauliza, "Mwanangu, yule anayeinama umemwandika?" Nikamwambia yumo, wa pili. Akatikisa kichwa, hakuridhika.

Mke wangu amelala. Yale maneno 31 yametoka, nimeyasoma kwenye simu gizani. N zote mbili zipo.