Kutoka Ngomeni hadi Cygnus X-1: jinsi shimo jeusi lilivyobanwa kwa vipimo

Makala nyingi za Kiswahili kuhusu mashimo meusi huishia kwenye sentensi moja: humeza kila kitu, hata nuru. Kwa kilichokwisha kuvuka mpaka wa shimo hilo ni kweli. Ila msomaji anabaki bila jibu la swali lenye uzito zaidi: kitu kisichotoa nuru kinajulikanaje kuwa kipo? Kwa Cygnus X-1, chanzo cha eksirei katika kundinyota la Cygnus, jibu lipo, linafuatika hatua kwa hatua, na mojawapo ya hatua hizo ilianzia kwenye pwani yetu.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Marekani aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya kupima eksirei za angani, ya kilo 140 hivi, iliyoandikishwa kwa jina la SAS-1. Marjorie Townsend wa NASA, aliyesimamia mradi, ndiye aliyependekeza iitwe Uhuru. Upande wa sayansi uliongozwa na Riccardo Giacconi, ambaye mwaka 2002 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Ngomeni haikuchaguliwa kwa bahati. Iko karibu digrii 3 kusini ya ikweta, na roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka hapo, mzunguko wa Dunia huisukuma bure kwa karibu mita 460 kwa sekunde. Faida kubwa zaidi ni kwamba obiti iliyolala karibu na ikweta hukwepa kwa sehemu kubwa eneo la juu ya Atlantiki ya kusini, ambako chembe zenye umeme hushuka karibu zaidi na Dunia. Kipima eksirei kikipita humo hujaa kelele, na saa nyingi za data huharibika.

Eksirei kutoka angani hazifiki ardhini kwa sababu hewa huzifyonza. Kabla ya Uhuru zilipimwa kwa roketi ndogo zilizokaa juu dakika chache tu kisha zikaanguka. Cygnus X-1 yenyewe ilionekana kwa njia hiyo mwaka 1964, lakini huwezi kujua tabia ya kitu ulichokitazama kwa dakika tano.

Uhuru ilikuwa na vipimaji viwili vilivyopeana mgongo, kila kimoja na eneo la sentimita za mraba 840. Ndani yake mna gesi na waya wenye volti nyingi. Mwale wa eksirei ukiingia hung'oa elektroni kwenye atomu za gesi, elektroni hizo hukimbilia kwenye waya huku zikizidishana njiani, na mpigo wa umeme unaotokea huwa mkubwa kadiri nishati ya mwale ilivyokuwa kubwa. Tatizo ni kwamba chembe za mionzi ya anga nazo hutoa mipigo. Wahandisi walizichuja kwa umbo la mpigo, kwa kuwa ule wa chembe hupanda polepole kuliko wa eksirei, na kwa vipimaji vya pembeni: vikipiga vyote kwa pamoja, hesabu hiyo hutupwa.

Mbele ya vipimaji kulikuwa na vijia vya chuma vinavyoruhusu miale ya upande mmoja tu. Upande mmoja wa setilaiti uliona nusu digrii, mwingine digrii 5. Setilaiti ilijizungusha taratibu, kama mara moja kwa dakika 12, na kila chanzo kilipopita mbele ya vijia hesabu ilipanda kisha ikashuka. Saa ya kilele, ikilinganishwa na nyota zilizosomwa na vihisi vya setilaiti, inakupa mstari angani. Geuza mhimili, upate mstari wa pili, na mahali ilipokatana ndipo chanzo kilipo. Ugumu huja pale vyanzo viwili vinapoingia pamoja kwenye ule upande wa digrii 5: hesabu zao huchanganyika na mahali pakakosewa.

Centaurus X-3, chanzo kingine cha eksirei, ilipiga kila sekunde 4.84 bila kupotea, na kila baada ya siku 2.09 ikazimika kwa kupita nyuma ya nyota mwenzake. Mpangilio wa namna hiyo ni alama ya nyota ya neutroni inayozunguka, yaani mabaki madogo na mazito mno ya nyota iliyokufa. Cygnus X-1 haikuwa hivyo. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa na mapigo ya mpangilio, lakini data zaidi zikaonyesha mitikisiko isiyo na utaratibu, mingine ikitokea ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kitu hakiwezi kubadilika kizima kwa haraka kuliko nuru inavyokivuka, na katika sehemu ya kumi ya sekunde nuru husafiri kilomita 30,000. Kulivuka Jua huichukua zaidi ya sekunde 4.6. Kwa hiyo eneo linalotoa eksirei ni dogo mno kuwa nyota ya kawaida.

Bado nyota yenyewe ilikuwa haijajulikana, kwani kisanduku cha makosa cha Uhuru, yaani eneo la anga ambamo chanzo kingeweza kuwa, kilikuwa na nyota nyingi. Msaada ulitoka kwenye redio. Mwaka 1971 madishi ya redio yaliona chanzo kipya kikiwaka humo, wakati uleule eksirei za Cygnus X-1 zilipobadilika. Mahali pa redio palipimwa kwa usahihi mkubwa zaidi, pakaangukia nyota moja ya buluu, HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton kule Toronto, wakapima spektra yake, yaani nuru yake iliyotawanywa kwa rangi na yenye mistari, kila upande kwa njia yake. Mistari hiyo ilikuwa ikienda na kurudi kwa siku 5.6, alama kwamba nyota inatukaribia na kutuacha kwa zamu: nyota hiyo kubwa inazungushwa na kitu kisichoonekana, kwa kasi ya karibu kilomita 75 kwa sekunde.

Hesabu inayofuata ndiyo kiini cha jambo zima, na yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuirudia. Zidisha muda wa mzunguko kwa kasi iliyopandishwa kipeo cha tatu, gawa kwa 2π mara kigawo cha mvutano cha Newton. Geuza muda kuwa sekunde na kasi kuwa mita kwa sekunde kwanza, maana hapo ndipo wengi hukosea. Jibu hutoka kwa kilo, nalo ni kama robo ya masi ya Jua. Hiyo robo si masi ya kitu chenyewe. Ni sawa na (M × saini (sine) ya pembe)³ ÷ (M + m)², ambapo M ni masi ya kisichoonekana, m ni ya nyota, na pembe ni mwinamo wa obiti. Weka vipimo vilivyotolewa mwaka 2021: M ni Jua 21.2 (yaani masi ya Jua mara 21.2), m ni 40.6, mwinamo digrii 27.5 ambao saini yake ni 0.462. Utapata 0.246.

Sasa jaribu kuivunja hoja hii. Fanya obiti itazamwe kwa ubavu kabisa, digrii 90, huku nyota ikibaki 40.6: M inashuka hadi Jua 8.4 hivi. Nyota ya neutroni haivuki takriban Jua 3, kwa hiyo dhana kwamba kitu hicho ni nyota ya neutroni haiokoki. Lakini shusha nyota hadi Jua 1, na M nayo inakuwa karibu 1, masi ambayo hata kibete cheupe, mabaki mengine ya nyota iliyokufa, huibeba. Udhaifu wa hoja uko hapo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kweli ilipendekezwa kwamba nyota hiyo ni nyepesi na iko karibu. Vumbi ndilo lililokata shauri. Nuru ya HDE 226868 imepunguzwa na kufanywa nyekundu zaidi kwa kiasi kinachohitaji njia ya maelfu ya miaka ya nuru kupitia vumbi la galaksi. Nyota iliyo mbali hivyo na bado yaonekana ing'avu namna ile haiwezi kuwa nyepesi.

Umbali huohuo ndio uliobadilisha masi baadaye. Mwaka 2011 ilitajwa Jua 14.8, kwa umbali wa miaka ya nuru kama 6,070. Vipimo vipya vya redio viliporekebisha athari ya mwendo wa obiti yenyewe, umbali ukawa kama 7,240, nyota ikaonekana kubwa na nzito zaidi, na shimo likafika 21.

Kuna mfano wa hesabu kama hii kuharibika kabisa. Novemba 2019 kitu kiitwacho LB-1 kilitangazwa kuwa shimo jeusi la Jua 70. Watafiti walipima mtikisiko mdogo wa mstari wa hidrojeni wakidhani unatoka kwenye gesi inayolizunguka shimo. Miezi michache haikupita, wengine wakaonyesha kwamba mstari huo ulikuwa umelaliwa na mstari mweusi wa nyota ya jirani: mstari mweusi ndio uliosogea, ule mwingine ukaonekana kama unasogea. Zile Jua 70 hazikuwa na msingi tena.

Anayetaka kuiona HDE 226868 kutoka Afrika Mashariki atazame kaskazini mapema Septemba, saa tatu usiku. Kundinyota la Cygnus litakuwa limepinduka, nyota ya Deneb chini na nyota ya Albireo juu. Kutoka Nairobi litakuwa kimo cha digrii 50 na kitu. Tafuta Eta Cygni, nyota ya ukubwa wa 3.9 (kipimo cha mng'ao: namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu) iliyo kama katikati ya Albireo na nyota ya Sadr. HDE 226868 iko upande wa kulia wa Eta, chini kidogo, umbali usiofika upana wa mwezi mpevu. Ukubwa wake ni 8.9, kwa hiyo darubini ya macho mawili ya 10×50 hutosha tu penye giza la kweli na bila mwezi. Mjini, au penye unyevu wa pwani, tumia darubini ya lenzi ya milimita 80 kwenda juu, na ukumbuke kwamba nyingi hugeuza picha, hivyo ule upande wa kulia unaweza kuwa kushoto.