Paella na tapas bila nguruwe: nilivyojipanga Valencia

Ukiishi Valencia, mji wa Hispania, wali hautakupa shida kuuona; uko kila kona. Shida ni kuupata ule mzuri, tena ambao Mwislamu anaweza kuula bila wasiwasi. Mimi ni mtu wa Tanga, napenda wali na napenda kula nje, kwa hiyo nilijitengenezea utaratibu wangu.

Kwanza, kuna sehemu napita tu. Mitaa ya watalii karibu na kanisa kuu imejaa mbao za picha za paella, wali wa Valencia unaopikwa kwenye sufuria pana: za kila rangi, sahani ya mtu mmoja, mpaka saa nne usiku. Paella inayopikwa jikoni kwa kuagizwa haiji hivyo. Mchele peke yake unataka dakika 18 hadi 20 motoni, achilia mbali kukaanga viungo, na migahawa mingi haiwashi moto kwa chini ya watu wawili. Tena ni chakula cha mchana. Wenyeji hukaa mezani kuanzia saa nane. Usiku hawali wali mzito. Kwa hiyo napiga simu siku moja kabla, nasema tuko wangapi na tunataka wali upi.

Hapo kwenye “upi” ndipo penye kazi. Paella ya asili ya Valencia ina kuku, sungura, maharage mabichi, maharage mengine makubwa bapa wanayoyaita garrofó, nyanya, paprika, zafarani na mafuta ya zeituni. Wengine hutia konokono, na kuna vijiji vinavyoongeza mbavu za nguruwe. Hata pasipokuwa na hizo mbavu, kuku huyo hakuchinjwa kwa namna yetu. (Mwaka 2016 mpishi Mwingereza Jamie Oliver alitangaza paella yake yenye chorizo, soseji ya nguruwe, na Wahispania wakamshukia mtandaoni. Nilikuwa upande wao, ingawa kwa sababu zangu.)

Basi nikahamia baharini. Sisi Mashafii vya baharini tunakula bila kusita: kamba, ngisi, kome, pweza. Na huku wali wa baharini una familia nzima. Kuna arroz a banda, wali wa wavuvi unaopikwa kwa supu ya samaki na kuletwa na alioli, yaani kitunguu saumu kilichopondwa na mafuta. Kuna mweusi wa wino wa ngisi. Kuna arròs del senyoret, ambao kamba na kome huja wamekwisha kumenywa ili bwana mkubwa asichafue vidole. Huo ndio ninaowaagizia wageni. Kuna na fideuà ya mji wa Gandia, ambayo ni tambi fupi badala ya mchele. Swali ninalouliza kwenye simu ni moja: supu imetokana na nini? Wakijibu samaki na kamba, naweka nafasi. Wakibabaika, naaga kwa adabu.

Shangazi yangu alipokuja kunitembelea nilimpeleka El Palmar, kijiji kilichozungukwa na mashamba ya mpunga ya kando ya ziwa la Albufera, kusini mwa jiji. Basi la mjini linafika. Tulipata mgahawa unaopikia kuni za mchungwa. Mhudumu akaleta sufuria lenyewe, pana, lenye mikono miwili, akatuonyesha kabla ya kuliweka mezani. Shangazi akaangalia, akanigeukia.

“Mwanangu, hawa hawakufunika? Wala hawakupalia makaa juu?”

“Hapana, Shangazi. Na mchele hawauoshi, na ukishaingia haukorogwi.”

Akanyamaza, akachomeka ncha ya kijiko. Wali haukufika hata kimo cha kidole. Nikamweleza kwamba kila mtu anakula kwenye sufuria hilohilo, upande wake, kuelekea katikati, kwa kijiko cha mti. Hilo halikumshangaza hata kidogo. Amekulia kwenye sinia, na kula kilicho mbele yako ndiyo adabu aliyotufunza. Kilichommaliza ni ukoko. Wavalencia wanauita socarrat, na mpishi huongeza moto mwishoni makusudi ili ushike bila kuungua. Shangazi alipousikia ukikwaruzika chini ya kijiko aliwasogeza kamba pembeni akaanza kukwangua, mpaka mhudumu akaja kutucheka. Tulilipa chini ya euro 20 kila mmoja. Siyo bei ya mama lishe, lakini shangazi mpaka leo anausimulia.

Tapas, yaani visahani vidogo vya kula na kinywaji baa, zina mtihani wake, kwa sababu baa nyingi mapaja ya nguruwe yananing'inia juu ya kaunta. Ukisema “sin carne”, bila nyama, huenda ukaletewa mboga zenye vipande vya jamón, hilo paja la nguruwe lililokaushwa, maana kuna wasioihesabu kuwa nyama. Mimi hutaja kwa jina: sili nguruwe, wala jamón, wala chorizo. Kisha nauliza kama kuna divai ndani, maana kamba wa kitunguu saumu na kome wanaweza kutiwa tone lake.

Zinazobaki ni nyingi. Esgarraet ni pilipili hoho nyekundu zilizochomwa, zikachanwa na kuchanganywa na chewa wa chumvi, kitunguu saumu na mafuta. Naiagiza karibu kila mara. Kati ya Mei na Agosti kuna clóchinas, kome wadogo wa hapa, wa mvuke na limau. Tortilla ya viazi ni chipsi mayai yao, ila nene na haina haraka. Croquetas, yaani vidonge vya rojo zito vya kukaanga, naziacha, nyingi zina jamón, na nauliza kama viazi vinakaangwa kwenye mafuta yaleyale. Kinywaji changu ni mosto, maji ya zabibu yasiyochachuliwa.

Hapa Valencia kila sahani unailipia. Granada, mji wa kusini mwa Hispania, ni tofauti: ukiagiza kinywaji, hata soda, tapa inakuja bure, na mara nyingi mwenye baa ndiye anayechagua. Kwa hiyo huko suala la nguruwe nalisema kabla hata ya kutaja kinywaji, na mara nyingi naletewa samaki wa kukaanga.