Nilivyompeleka baba kuvua kwenye fyodi

Safari ya kwanza baba alilala.

Nilikuwa nimekata tiketi mbili za boti kubwa ya watalii pale bandarini Bergen, Norwei, ya kutazama fyodi, ile mikono ya bahari inayoingia kati ya milima, nikaomba ruhusa kazini, nikamvalisha koti langu zito, na mvua ikatunyeshea tangu tunang'oa nanga mpaka tunarudi. Boti ilikuwa na vioo pande zote, abiria wamejaa, spika inaeleza habari kwa lugha tatu ambazo baba haelewi hata moja. Nusu saa haijaisha nikamgeukia: kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, mikono kaificha ndani ya mikono ya koti, kalala fofofo. Tulipofika nyumbani nikamuuliza ameionaje. "Nimeiona, mwanangu," akasema. "Ni kama zile picha ulizokuwa ukinitumia."

Jibu hilo liliniuma, maana nilijua alichokifuata huku. Baba ni mvuvi wa Bagamoyo. Miaka ya 80 alifanya kazi Mbegani, kwenye kile chuo cha uvuvi kilichokuwa kikisaidiwa na Wanorwei, upande wa boti na nyavu. Mwalimu mmoja wa Kinorwei alimwambia kwamba kwao milima inaingia baharini moja kwa moja, hakuna ufukwe, na meli inaweza kupita ubavuni mwa jabali hadi mtu akalishika kwa mkono. Baba hakumwamini. Bagamoyo maji yakipwa unatembea kwenye mchanga mpaka uchoke ndipo yakufike magotini. Bahari ya namna hiyo aliyoelezwa hakuweza kuiona kichwani. Alitusimulia habari hiyo tangu tukiwa wadogo, na kila akimaliza anasema ipo siku atakwenda kuhakikisha. Sasa ana miaka 71, nauli imepatikana, viza imepatikana, amefika, na mimi nimemweka nyuma ya kioo.

Basi nikaanza upya. Nilikuwa na wiki mbili kabla hajaondoka, mwezi wa saba, ambao ndio mwezi mzuri kwa sababu jua huku Bergen linazama karibu na saa tano usiku, na samaki waitwao makrell wamekaribia pwani. Nilitaka boti ndogo, ambayo mtu anakaa nje na kuugusa ubavu wa maji, na nilitaka avue. Niliwapigia simu wenye boti wanne. Swali langu la kwanza halikuwa bei, lilikuwa choo. Mzee wa miaka 71 kwenye baridi, muda wa saa tano majini, hilo ni jambo la kuulizwa mapema, na boti mbili zikaanguka hapo hapo. La pili, je, kuna nguo za kuelea, yale mavazi mazito mekundu yanayomfunika mtu mwili mzima? Jaketi okozi peke yake linakuokoa usizame, lakini halikupi joto. La tatu lilikuwa chakula. Kwenye safari hizi chakula cha baharini mara nyingi kinajumuishwa kwenye bei, na kome huku hupikwa kwa divai nyeupe. Ukisema siku ya safari kwamba sisi Waislamu hatutumii divai, umechelewa, sufuria iko jikoni tayari.

Aliyenijibu yote bila haraka alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye boti ya kuchukua watu wanane na gati yake mwenyewe kwenye kisiwa cha Osterøy. Akasema kome atawachemsha kwa maji, vitunguu na majani, kwenye sufuria safi, na kwamba samaki tutakaowavua ndio tutakaokula. Bei ya boti nzima ilikuwa kroner 9,000. Sikuwa nazo. Nikawaendea majirani zetu wa Kikongo, mtu na mkewe na kijana wao mkubwa, na rafiki yangu wa kazini aliyetoka Tanga. Pamoja na sisi wawili tukawa sita, kila kichwa 1,500. Fedha ni nyingi, sisemi ni ndogo, ila tiketi zile za boti ya vioo nazo hazikuwa bure.

Leseni haikutusumbua. Norwei mtu yeyote anaruhusiwa kuvua baharini kwa mshipi au fimbo kwa ajili ya kula, mgeni na mwenyeji, ingawa mgeni haruhusiwi kuuza, na samaki wengine kama mkunga hawaguswi.

Tukaondoka saa nne asubuhi. Baba alivaa sufu mwilini, kanzu fupi juu yake, sweta, kisha lile vazi jekundu, na kofia yake ya mkono chini ya kofia ya sufu. Nahodha, yule mama mwenyewe, alimpa mkono, na baba akamjibu kwa Kinorwei: "Tusen takk." Miaka arobaini hajalitumia neno lile. Nahodha akacheka, akamketisha tezini, karibu na usukani.

Tulipita chini ya daraja la Nordhordland, na hapo ndipo macho ya baba yalipofunguka. Daraja lile lina urefu wa zaidi ya mita 1,600, na sehemu kubwa yake inaelea juu ya maboya makubwa ya zege, kwa kuwa pale kina kinafika kama mita 500 na hakuna nguzo ya kusimamisha. Meli zinapita upande mmoja tu, ulioinuliwa. Baba aliligeukia mpaka likapotea, akiniuliza limefungwa wapi, mkondo ukija halisogei? Nikatafsiri. Nahodha akaeleza kwamba limepindwa kama upinde na kufungwa kwenye nchi kavu ncha zote mbili. Baba akachora upinde ule kwa kidole kwenye goti, akatikisa kichwa taratibu.

Baada ya daraja ndiyo Osterfjorden yenyewe. Milima pande mbili, kijani kibichi, nyumba nyeupe moja moja, na maji meusi yametulia kama ya kwenye mtungi. "Kumbe ni hori tu," baba akasema, "ila ndefu." Ni hori kweli, lakini iliyochongwa na barafu. Zama za baridi mito ya barafu ililichimba bonde hadi chini kabisa ya usawa wa bahari, barafu ikayeyuka, bahari ikaingia. Ndiyo sababu fyodi nyingi zina kina kikubwa ndani kuliko mlangoni, ambako kuna kizingiti cha mwamba na kifusi barafu ilikoishia. Fyodi ya Sogn, iliyo kaskazini kidogo ya hapa, ina kina cha mita 1,308. Baba hilo lilimshangaza sana. Mlango wa mto Ruvu anaujua, kadiri unavyoingia ndani ndivyo maji yanavyopungua. Akakaa nalo.

Nahodha akatusogeza kwenye jabali. Taratibu, injini inanguruma kidogo tu, hadi omo ukawa karibu kugusa. Maporomoko membamba yalikuwa yanashuka kutoka juu tusikokuona, na rasharasha zikatulowesha nyuso. Baba akasimama, nikamshika mkanda kwa nyuma, akanyoosha mkono akaweka kiganja chake juu ya mwamba. Akauacha pale kwa muda. Kipima kina kwenye usukani kilikuwa kinaonyesha mita mia tatu na ushei, na sisi tumeshika mlima. Halafu akachovya kidole majini, akaonja. "Hayana chumvi." Akaonja tena. Maji ya mvua na ya theluji yanayoshuka milimani ni mepesi, yanatandaa juu, maji chumvi yanakaa chini. Nilikuwa nimeshaishi Bergen miaka tisa na sijawahi kuonja.

Kuvua tulianzia kwenye rasi moja ambako ndege walikuwa wanazunguka. Nahodha akagawa fimbo, kila moja na mshipi wenye ndoana tano zilizofungwa manyoya ya rangi na chubwi mwishoni. Baba akaitazama fimbo, akairudisha kwa heshima. Akaniambia nimuulize mama nahodha kama hana mshipi mtupu. Alikuwa nao. Alifungua kasha chini ya kiti akatoa mshipi mnene uliozungushwa kwenye kibao cha mbao kilichochakaa, cha baba yake mwenyewe. Wanorwei nao wamevua hivyo tangu zamani, wanaita juksa.

"Na chambo?" baba akauliza. Hakuna chambo, samaki anafuata manyoya na mng'aro. Hakuridhika, lakini akaushusha, akaupitisha juu ya kidole cha shahada kama nilivyomwona akifanya utoto wangu wote, akawa anavuta na kuachia. Mara ya nne kidole kikakaza. Akavuta mkono kwa mkono, mshipi ukilala kwenye mduara miguuni pake bila kujisokota hata mara moja, na wakapanda watatu kwa mpigo: mgongo wa buluu na kijani wenye mistari myeusi ya kupinda, tumbo kama fedha, wanatetemeka hadi ubao unalia.

"Vibua!" baba akapiga kelele. "Mwanangu, hawa si vibua?"

Ni makrell, ukoo mmoja na vibua na jodari, wanene zaidi kwa ajili ya baridi. Jirani yetu Mkongo, mtu wa Uvira, akasema, "Mzee, sisi kule ziwani tunavuaka usiku, na taa," na wakaingia kwenye mazungumzo ya dagaa na karabai, mimi nikasahaulika. Kila samaki aliyepanda nahodha alimkata koo papo hapo akamtia kwenye ndoo ya maji, damu itoke, nyama ibaki nyeupe. Baba aliuliza kama ni kwa ajili yetu Waislamu. Nikamweleza ni desturi yao. Akasema ni desturi nzuri.

Kisha tukahamia kwenye kina cha mita hamsini kutafuta torsk, samaki anayekaa chini karibu na sakafu ya bahari. Hapa ndipo nilipomwona baba yangu. Alishusha chubwi mpaka likagusa, akanyanyua, akagusa tena, akafumba macho. "Mwamba," akasema. Boti ikasogea na mkondo. Akagusa. "Bado mwamba." Akagusa. "Sasa mchanga." Nikamtafsiria nahodha, naye akainama kwenye kioo cha kipima kina, akanyanyua kichwa akamtazama baba, akasema kwa sauti ya chini kwamba ni kweli, mwamba umeisha. Akairudisha boti kwenye ukingo ule ule na kuishikilia pale kwa injini. Hakutugeukia sisi tena, kila alichotaka kujua alimuuliza baba.

Torsk wa kwanza alikuwa mdogo, nahodha akampima kwenye rula iliyochorwa ubavuni mwa boti, akamrudisha. Wa pili alikuwa na kilo nne na nusu, kichwa kikubwa, na ndevu moja chini ya kidevu.

Tulitia nanga gatini kwake kama saa saba na nusu. Adhuhuri Bergen mwezi huo inaingia saa nane kasorobo, kwa hiyo ilitukuta nchi kavu. Baba aliuliza kibla, nahodha akamletea dira, kusini mashariki, akaswali kwenye mbao za gati. Yeye mama akapunguza sauti ya redio jikoni bila kuombwa.

Mezani kulikuwa na kamba wa kuchemsha, kome, mkate, na supu ya yule torsk ndani ya krimu na karoti na liki. Baba akaitazama supu. "Samaki na maziwa?" Nyumbani tumekatazwa hivyo tangu utotoni. Nikamwambia aichukulie kama tui, akala nusu bakuli kwa adabu. Kome aliwala wote waliokuwa mbele yake. Ila karamu ilikuwa kwenye makrell. Nilikuwa nimekuja na ndimu na pilipili mbuzi kutoka duka la Wasomali, na chumvi ya mawe. Rafiki yangu wa Tanga akawapasua mgongoni, tukawachoma juu ya makaa hapo nje, mafuta yakidondoka na moshi ukiturudisha kwetu. Nahodha alitia pilipili kiasi cha ukucha, macho yakamjaa machozi, akaongeza.

Kabla ya kupanda boti kurudi, baba aliomba simu yangu. Nilidhani anampigia mama. Alimpigia mzee mwenzake wa Mbegani, ambaye naye alikuwepo siku ile mwalimu alipotoa habari ya milima. Salamu zilikuwa fupi. Baba akamwambia kwamba ni kweli, mlima unaingia baharini, ameushika kwa mkono huu, chini yake mita mia tatu.

Simu ilikuwa kwenye spika, kwa hiyo sote tulimsikia yule mzee akinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na samaki?"

"Vibua wapo," baba akasema. "Wanene."