Pasentaili ya 90 ya unyevu wa mahindi: butstrapu inapopungukiwa

Anayenunua mahindi Nakuru haumizwi na wastani. Shehena yenye wastani wa unyevu wa asilimia 13.0 inaweza kuficha magunia yaliyovuka kikomo cha 13.5, na hayo ndiyo yanayoanza kuota kuvu ghalani. Swali la maana basi ni pasentaili ya 90: ni unyevu upi unaopitwa na gunia moja tu kati ya kumi? Na jibu lije na masafa ya uhakika, yaani mipaka miwili inayotarajiwa kuinasa thamani ya kweli, si namba moja tupu.

Wengi hukimbilia butstrapu, mbinu ya Bradley Efron ya mwaka 1979. Una vipimo 25; unachota 25 kutoka humo kwa kurudisha, unakokotoa pasentaili, unarudia mara 2,000, kisha unakata asilimia 2.5 ya majibu kila upande, yabaki masafa ya asilimia 95. Kwa mediani, thamani ya katikati, inafanya kazi vizuri. Panga vipimo kuanzia kidogo hadi kikubwa: itakupa cha 8 hadi cha 18, na masafa hayo hunasa thamani ya kweli kwa asilimia 95.7.

Kwenye pasentaili ya 90 mambo hubadilika. Sasa unasoma kipimo cha 23, na butstrapu itakupa cha 19 hadi cha 25. Cha 25 ndicho kikubwa kuliko vyote. Hata ukichota upya mara milioni, hakuna kitakachokipita. Lakini uwezekano kwamba magunia yote 25 uliyochoma bambo (chuma cha kuchotea nafaka guniani) yako chini ya pasentaili ya kweli ni 0.9 kwa kipeo cha 25, yaani asilimia 7.2. Ongeza karibu asilimia 1 ya upande wa chini, pale thamani ya kweli inapokuwa chini ya kipimo cha 19, na hayo masafa ya "asilimia 95" yanabaki na 91.9. Kosa linaangukia upande wa juu, kule kwenye kuvu, na ndiyo maana silichukulii kuwa dogo. Kuongeza marudio kutoka 2,000 hadi 100,000 hakusaidii hata kidogo, kwa sababu upungufu uko kwenye sampuli.

Dawa ni kuhesabu moja kwa moja kwa binomiali, kanuni inayotoa uwezekano wa magunia mangapi yatakuwa chini ya pasentaili ya kweli. Katika Excel andika BINOM.INV(60,0.9,0.025): utapata 49, nafasi ya kipimo cha chini. Badilisha 0.025 iwe 0.975, upate 58, uongeze moja: 59. Kwa magunia 60, masafa ni kipimo cha 49 hadi cha 59, na uhakika wake ni asilimia 97.2. Jaribu hivyo hivyo kwa 25 na upande wa juu utakuambia 26, gunia ambalo huna. Binomiali inakiri kwamba sampuli haitoshi, butstrapu inanyamaza. Idadi ya chini kabisa kwa pasentaili ya 90 ni magunia 36, na kwa ya 95 ni 72.

Mita ikisoma desimali moja, vipimo vingi vitafanana. Hilo halina madhara hapa mradi uhesabu ncha zote mbili kuwa ndani ya masafa.

Kinachoharibu zaidi ni magunia ya shamba moja, yaliyovunwa na kuanikwa pamoja. Magunia kumi ya mkulima mmoja si ushahidi wa mara kumi, na hapo binomiali nayo inakosea. Chukua gunia moja kwa kila mkulima. Kama wakulima ni wengi na unataka kutumia vipimo vyote, rudi kwenye butstrapu, ila uchote wakulima wazima pamoja na magunia yao yote, si gunia mojamoja.