Sikukuu Kibosho: sikukataza soda, nilipanga saa

Kuanzia tarehe 20 Desemba barabara ya Arusha kwenda Moshi hujaa magari ya watu wanaorudi nyumbani, na sisi tunakuwemo. Tunaishi upande wa Usa River. Kwetu ni Kibosho, juu ya Moshi. Kwa siku kumi hivi watoto wanalala kwenye nyumba ambayo kreti za soda zimepangwa uvunguni mwa kitanda cha bibi yao, keki inakatwa kila anapofika mgeni, na kila shangazi ana pipi kwenye mkoba. Kukataza hakuwezekani, na ukijaribu unaambiwa umeleta mambo ya mjini. Nilichofanya, kwa ajili ya meno yao, ni kupanga saa za kula vitamu.

Sababu ni hii. Vijidudu vilivyo kwenye utando wa meno vikipata sukari hutengeneza asidi ndani ya dakika chache. Kinywa kikishuka chini ya pH 5.5 hivi (pH ni kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi), jino linaanza kupoteza madini yake, na mate yanahitaji nusu saa, pengine saa nzima, kuirudisha hali. Soda ya mililita 350 kwa kawaida ina sukari gramu 35 hivi au zaidi, karibu vijiko tisa vya chai. Mtoto akiimaliza pamoja na pilau la mchana, meno yameshambuliwa mara moja. Akizunguka nayo mkononi toka saa saba hadi saa kumi na moja, funda moja sasa na jingine baadaye, mate hayapati nafasi kabisa, ingawa sukari ni ileile.

Kwa hiyo, ukiacha chai ya asubuhi, vitamu vina nafasi mbili kwa siku: pamoja na chakula cha mchana, na saa kumi pamoja na chai. Soda inafunguliwa watu wakiwa wamekaa kula, inamalizwa hapohapo, chupa inarudi kwenye kreti. Pipi za mashangazi zinapokelewa kwa shukrani na kuingia kwenye kopo. Zinaliwa baada ya mlo, kwa mkupuo. Sipendi pipi za kijiti na tofi hata kidogo, maana ya kwanza inakaa mdomoni dakika kumi na tano na ya pili inanasa kwenye magego. Katikati ya nafasi hizo mbili ni maji, karanga, parachichi, maziwa au mtindi usiotiwa sukari. Jagi la maji na vikombe vinakaa mezani muda wote, kwa sababu mtoto mwenye kiu akikosa maji karibu ataomba soda.

Ila soda si adui mkubwa. Mkubwa ni chupa ya chai. Chai ya maziwa inapikwa na sukari yake ndani ya sufuria, inamiminwa kwenye chupa, inakaa mezani tangu alfajiri hadi usiku, na kila mgeni akifika watoto nao wanamiminiwa kikombe. Hapo unahesabu mara sita, saba za sukari bila mtu kugusa pipi. Nilimwomba mama mkwe chai ipikwe bila sukari na bakuli la sukari likae pembeni, kila mtu ajiwekee. Hakuna aliyelalamika. Watoto wanatiliwa sukari asubuhi na saa kumi tu. Wakitaka chai saa nyingine wanainywa bila sukari, na wengi wao hawaitaki tena. Mtoto mchanga halali na chupa yenye juisi wala chai mdomoni: meno ya mbele ya juu huoza kabla hajafika miaka miwili.

Watu wazima nao wasijione wamepona. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ni chachu, na kata inayozungushwa toka mchana hadi giza linaingia inakula meno kama soda inavyokula. Kunywa maji katikati, na usipige mswaki papo hapo ukiacha kata. Subiri angalau nusu saa, kwa sababu jino lililotoka kwenye asidi ni laini na mswaki unalikwangua. Kufungua soda kwa meno na kuvunja mifupa ya supu kwa gego sina haja ya kueleza. Ninachoongeza ni punje za bisi ambazo hazikupasuka, zile za chini ya bakuli: zinapasua magego, hasa yaliyozibwa.

Kabla ya safari, wiki ya kwanza ya Desemba, nakagua kila kinywa. Namlaza mtoto kichwa mapajani pangu, uso juu, nawasha tochi ya simu, navuta mdomo kwa kidole. Naangalia mstari mweupe kama chokaa karibu na fizi za meno ya mbele (huo ni mwanzo wa kuoza na bado unaweza kurudi nyuma kwa kupiga mswaki vizuri na dawa yenye floraidi), kisha mashimo ya kahawia kwenye mifereji ya magego. Gego linaloota nyuma ya yote mtoto akiwa na miaka sita hivi ni la ukubwani, na wazazi wengi hudhani ni la utotoni litakalong'oka, wanaliacha lioze. Nikiona tundu, tunakwenda kuziba mapema. Tarehe 26 Desemba utakuta kliniki nyingi zimefungwa au zina mtu mmoja wa zamu, na kwenye dharura mara nyingi kinachopatikana ni kung'oa.

Mfuko wa meno ninaobeba ni mdogo: mswaki laini wa kila mtu, na mmoja au miwili ya ziada, dawa ya meno tyubu mbili, uzi wa meno, ambao nanunua Arusha kwa sababu madukani huko juu haupatikani, chumvi, na parasetamoli. Kwenye mpini wa kila mswaki nafunga uzi wa rangi, maana watoto kumi na wawili wakipiga mswaki pamoja pembeni ya pipa la maji, kufika siku ya tatu hakuna anayejua wake. Nyama ikinasa, tumia uzi wa sentimita 45 hivi uliozungushiwa vidole vya kati, ushushe taratibu ukikumbatia upande wa jino. Njiti ya kiberiti inasukuma nyama ndani zaidi na kutoboa fizi.

Kosa nililokuwa nikilirudia ni kungoja wakati wa kulala. Sikukuu haina wakati wa kulala. Mkesha wa Krismasi watoto wanasinzia ndani ya gari wakitoka misa, na hakuna mzazi atakayewaamsha kwa ajili ya mswaki. Sasa mswaki unapigwa mara tu baada ya chakula cha usiku, saa moja au mbili, kabla ya misa na kabla ya hadithi za kando ya moto, na baada ya hapo ni maji peke yake. Asubuhi wanapiga kabla ya chai. Dakika mbili, mswaki umelalia kidogo kuelekea fizi, na mtoto wa chini ya miaka minane namalizia mimi nikiwa nimesimama nyuma yake. Wakimaliza wanatema povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili dawa ibaki kwenye meno.

Kipimo cha dawa ndicho kinachotaka akili zaidi kwa sisi wa mikoa hii. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha floraidi kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya sehemu nyingi za kuzunguka Mlima Meru, kama Ngarenanyuki na Maji ya Chai, yanajulikana kwa kuvuka hapo. Floraidi kidogo hulinda jino. Ikizidi wakati jino bado linaumbwa ndani ya taya, tangu kuzaliwa hadi miaka minane hivi, jino linaota na madoa meupe au ya kahawia. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, hivyo inakolea. Chujio za mkaa wa mifupa, zilizofanyiwa kazi miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ndizo zinazoipunguza, nao mkaa huo lazima ubadilishwe ukichoka. Kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka mitatu napaka dawa ukubwa wa punje ya mchele. Miaka mitatu hadi sita, ukubwa wa njegere, na tyubu naishika mimi kwa sababu ile yenye ladha ya matunda wanaila. Dawa ya wakubwa nasoma kwenye tyubu iwe na floraidi ppm (sehemu kwa milioni) 1,000 hadi 1,450.

Magadi nayo huwa na floraidi, tena kiasi hubadilika sana kutoka fungu moja hadi jingine. Nyumbani Usa River sipikii maharage magadi. Naloweka usiku kucha. Lakini kiburu cha bibi, yaani ndizi na maharage yaliyopikwa kwa magadi, kwa siku kumi hakimharibu mtoto meno. Madhara yanatokana na miaka, na sioni sababu ya kugombana na mama mkwe jikoni kwake.

Kwa wale ambao meno tayari ni ya kahawia: msisugue. Desemba ni mwezi wa harusi na kipaimara, na kila mwaka naona vijana wakisugua mkaa, mchanga, limau, hata dawa ya kufulia nguo nyeupe. Rangi ile iko ndani ya jino. Utakachoondoa ni gamba la juu, halafu maji baridi yatakuuma mwaka mzima. Daktari wa meno ana njia za kupunguza madoa au kuyafunika. Haziwezi kufanyika siku tatu kabla ya harusi.

Jambo jingine linalotaka msimamo ni meno ya plastiki. Mtoto mchanga akiharisha au kupata homa ugenini, hakosi jirani wa kutazama fizi, kuona uvimbe mweupe na kusema ni meno ya plastiki, apelekwe kwa mtu akatolewe. Uvimbe ule ni chonge la utotoni ambalo halijaota. Akichokonolewa anatoka damu nyingi, anaweza kupata maambukizi mabaya, na chonge la ukubwani lililo karibu linaweza kuharibika. Anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, aendelee kunyonya, apelekwe kituo cha afya. Nawaambia wasaidizi na mabinamu mapema, siku tunayofika, kwa sababu mambo haya hufanyika mzazi akiwa sokoni.

Jino likiuma usiku: sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, toa chakula kilichonasa, na parasetamoli miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto, isizidi mara nne kwa saa 24. Karafuu inatuliza kwa muda. Aspirini haiwekwi kwenye fizi, inaunguza, na watoto hawapewi kabisa. Shavu likivimba pamoja na homa, au mtu akishindwa kumeza au kufungua mdomo, usingoje kuche: teremka Moshi, hospitali ya Mawenzi au KCMC, usiku huohuo.

Mwisho ni jino lililong'oka kwa kuanguka, iwe kwenye mparachichi au bodaboda. La ukubwani litafute, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na udongo lisuuze kwa maziwa au maji safi kwa sekunde kumi, bila kusugua, ulirudishe kwenye shimo lake na mtu aume kitambaa. Ukishindwa, litie kwenye kikombe cha maziwa mabichi yaliyopoa, Kibosho hayakosekani. Usilifunge kwenye karatasi likakauka. Nafasi ya kulipandikiza ni nzuri ndani ya nusu saa, na hupungua sana baada ya saa moja. La utotoni halirudishwi, maana linaweza kuumiza jino linaloumbwa chini yake. Kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, angalia kama kuna kipande kilichobaki, na jino lenyewe mwachie mtoto alitupe juu ya paa.