Alama ya utosini: thaler za milima ya Harz

Basi la kutoka Goslar kwenda Clausthal-Zellerfeld, milimani Harz nchini Ujerumani, hupanda kona baada ya kona, na nauli yake kwa safari fupi vile inauma. Lakini huku ndiko fedha ilikochimbwa na kupigwa chapa kuwa sarafu: kiwanda cha sarafu cha Zellerfeld kilianza 1601, cha Clausthal 1617. Mpenzi wa thaler za Braunschweig, sarafu kubwa za fedha za zamani, zile zenye jitu la msituni lililoshika mti, lazima afike.

Makumbusho ya migodi ni mazuri. Kilichonishika zaidi ni thaler moja mezani kwa muuzaji, niliporudi Goslar. "Safi kabisa," alisema, bei juu. Reichsthaler, yaani thaler rasmi za dola, za kipimo cha 1566 zilitoka tisa kwa kila marki ya Köln (kipimo cha uzito cha zamani) ya fedha tupu: gramu 29.23 kila moja, fedha sehemu 889 kwa 1000. Ile ilipima 28.4. Uchakavu hupunguza uzito, sawa, ila sarafu iliyochakaa kiasi hicho haibaki na ndevu za jitu zinazohesabika unywele kwa unywele.

Nikaweka lenzi ya mara kumi ukingoni. Utosini, juu ya kichwa cha jitu, ukingo ulikuwa umelazwa kwa tupa. Herufi mbili zimechongwa upya, nyembamba kuliko jirani zake, na kando yake kuna weusi wa moto wa kulehemu. Hapo palikuwa na kipete. Thaler ilivaliwa kama kidani. Kasoro hiyo hushusha bei vibaya, na muuzaji hakushusha.

Ukishuku kwamba ni bandia, weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha izamishe sarafu kwa uzi bila kugusa chini. Fukuza viputo, maana huongeza namba. Thaler ya uzito kamili itasoma karibu gramu 2.84, shaba iliyopakwa fedha itapita 3.2.

Nikakumbuka reale za Maria Theresa, malkia wa Austria, za pwani kwetu, gramu 28.07, zilizoendelea kupigwa kwa tarehe ileile ya 1780. Ngapi ziliyeyushwa na masonara zikawa vikuku! Iliyobaki na kipete chake naipenda hivyo hivyo, kwa sababu kinaonyesha ilivyotumika. Kukikata, kuchonga herufi na kuiita safi ni kumwibia mnunuzi na kuiharibu sarafu. Nikairudisha mezani, nikaenda kulipia chumba cha bei kubwa chenye kitanda chembamba.